Mramba ni wa Anayekimbia

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua Koku ndiye anayekusomea, kwa hiyo salamu na kwako dada yangu, na usiruke mstari hata Tata akikunja uso. Mama yetu, Mawe, naye shikamoo. Kiuno chake kinaendeleaje? Kahawa imeanza kuiva huko Nyabiyonza? Mimi ni mzima, ila huku Uturuki baridi imeingia mpaka mifupani na sina raha hata kidogo.

Tata, Koku alinipigia simu analia. Anasema kile kidonda cha mguuni, ulipokatwa na nyasi ukikamua ndizi kwa miguu bila kusikia maumivu, sasa kimekuwa cheusi mpaka kifundoni. Daktari anataka kuukata mguu chini ya goti kabla sumu haijapanda, na wewe umekataa. Tena umekataa huku umeshika kikombe cha mramba wako wa ndizi! Ukamwambia, "Mwache huyo daktari. Mugisha anawaacha Wazungu mbioni kwa mramba huu huu. Si mwenyewe alisema unajenga mwili? Nitakunywa, mguu utapona."

Nilikaa kitandani nikacheka, halafu nikalia.

Ni kweli nilisema. Mwalimu wetu wa mazoezi alitufundisha kwamba mtu akikimbia muda mrefu, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli inaisha, na jasho linatoka na maji na chumvi. Akinywa kitu kitamu mapema, misuli inajaa tena, na kesho yake anaamka na nguvu. Wenzangu wanakoroga unga wa pakiti. Mimi nikakumbuka mramba wetu wa siku ya kwanza, kabla haujachacha ukawa rubisi, uliokuwa ukinipa kila nikitoka kwenye mbio za shule. Una sukari, una maji, una madini ya ndizi. Siku ile nilipokueleza ulifurahi mno, nikakusikia unamwita jirani aje asikilize simu.

Lakini Tata, hayo ni ya anayekimbia. Wewe una kisukari. Kwangu sukari inaingia kwenye misuli na kuchomwa. Kwako haina pa kwenda, inabaki kwenye damu, inakuozesha ukiwa hai. Siwezi kusema kwa upole zaidi ya hapo, maana kwa upole hukunisikia.

Na Wazungu siwaachi. Kazi yangu huku ni kutangulia mbele ili wengine wapate kasi, kisha natoka barabarani kabla ya mwisho. Hujawahi kuniuliza, uliamua mwenyewe kuwa nashinda.

Nimefikiria kuja leo hii. Kibali changu cha kukaa huku kinafanywa upya, nikitoka kabla hakijatoka sitarudi tena. Hilo ningelivumilia, lakini ningekuja kukwambia nini ambacho hujaambiwa? Mchungaji umemfukuza. Mawe alipiga magoti mbele yako, ukageukia ukutani. Kusema kweli sina tumaini. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Koku anasema unauliza, ukikatwa mguu nani atakanyaga ndizi. Hapo ndipo panapokuuma, napajua. Unaona aibu kukaa uani ukiutazama mtumbwi wa kukamulia umekauka. Sasa miguu yangu mimi ni ya nini? Si wewe uliyenifundisha kuchanganya ndizi na nyasi na kukandamiza kwa kisigino?

Nisalimie baba mdogo anayechunga ng'ombe Kiruruma, na shangazi anayeongoza kwaya. Nisalimie na yule jirani wa kusikiliza simu, mwambieni aache kukuletea ndizi mbivu.

Migomba ya nyuma ya nyumba isikatwe. Nitakuja kukamua mwenyewe, kwa vyovyote vile. Ukikubali kukatwa, nitakamua mramba wa wageni watakaokuja kukupa pole, nawe ukae kwenye kiti chako unikosoe. Ukikataa, nitakamua wa matanga yako. Na kwa kuwa kwetu aliyekamua ndiye anayeonja kwanza, nitauonja, Tata, na utakuwa mtamu vile vile.

Ni mimi mwanao,
Mugisha