Khanga Niliyorusha Ulingoni

Keko, Dar es Salaam

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kwanza naliulizia goti lako, maana mvua zikianza huko Liuli najua linavyokunyima usingizi. Usipa umeonekana ziwani mwezi huu, au bado mnakula kisamvu kitupu? Mimi mwili ni mzima. Bado nanyoosha nguo za mitumba kwa yule mfanyabiashara wa Kariakoo, na pasi ya mkaa bado inaniunguza kidole kilekile.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mjomba Cosmas. Umesema Bwana Rajabu, aliyekuwa meneja wa marehemu kaka Osmundi, atakuja siku ya kuweka msalaba kaburini, ataleta ule mkanda wa ubingwa, nawe umemkubalia. Umesema nimpokee vizuri kwa sababu mlipaji ni Mungu. Mama, niliisoma nikaikunja, nikaifungua tena. Kuna jambo sikukuambia wakati wa mazishi kwa sababu ulikuwa huli. Sasa nakuambia.

Unakumbuka Osmundi alivyokuwa akidokoa samaki jikoni, unamrushia mwiko, naye anainamisha kichwa kidogo tu, mwiko unapita, wala haachi kutafuna? Kipaji chake chote kilikuwa pale. Hata alipokuwa bingwa wa taifa kwenye timu ya kiwanda, watu walilipa kiingilio waone ngumi zinavyomkosa. Kisha kiwanda kikauzwa, timu ikavunjwa, ngumi zikawa za kulipwa, Bwana Rajabu akamchukua.

Halafu kile kipaji kikamtoka, mama. Hakikutoka kidogo kidogo kama nguvu za mzee. Krismasi kilikuwepo, Pasaka hakikuwepo. Jumapili moja alikuja kwangu akadokoa andazi, nikamrushia ndala kwa utani, kama wewe na mwiko. Ndala ikampiga usoni. Tukatazamana. Akaiokota, akaiweka mlangoni taratibu.

"Niliiona," akasema. "Naziona zote, Hilda. Mwili ndio hauitiki."

Nikaenda kwa Bwana Rajabu, pale anapofundishia vijana wake. Nikamwambia kaka amekwisha, amwache apumzike. Huyu mtu naye alikuwa bondia, mama, naye alikuwa bingwa, na wote wanajua kwamba naye ubingwa ulimponyoka hivyohivyo, msimu mmoja tu. Kwa hiyo nililokuwa namwambia alilijua kuliko mimi.

"Dada wa Nyasa," akaniambia, "bingwa hakauki kama usipa juani. Kasinzia tu huyo. Nitamwamsha."

Vijana wake wakacheka. Akampangia pambano na kijana wa Tanga ambaye mabondia wenzake walikuwa wanamkimbia.

Nilikwenda. Raundi ya tatu kaka alikuwa amesimama anapigwa kama mtu anayesubiri kuruhusiwa aondoke. Alishanieleza zamani kwamba meneja aliye kwenye kona yako akirusha taulo ulingoni, pambano limekwisha. Taulo lilikuwa begani kwa Bwana Rajabu. Nikamwita, nikamwonyesha kwa mkono. Hakurusha. Nikavua khanga yangu ya juu, nikairusha mimi.

Watu wakashangilia. Walidhani namtunza. Wanawake nyuma yangu wakapiga vigelegele, mmoja akarusha khanga yake, na mwingine yake, mpaka ulingo ukawa kama njia ya bibi harusi. "Dada yake huyo," wakawa wanaambizana, "mtandikie mwanamume apite." Refa akazisukuma kando kwa mguu huku anacheka. Bwana Rajabu akaichagua ya kwangu kati ya zile zote, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Subiri ashinde kwanza, dada."

Alinitazama machoni, mama. Katika ukumbi ule mzima, yeye peke yake alijua ile haikuwa shangwe. Raundi iliyofuata kaka alianguka, na hakuamka tena.

Kisha Bwana Rajabu akaja kwenye mazishi, akasimama kueleza kifo kama desturi ilivyo kwa aliyekuwa na marehemu. Akasema, "Ilikuwa ghafla. Hakuna aliyejua." Wazee wakamshukuru. Wewe ukampa mkono.

Nimejaribu kusamehe. Kanisani tukisali Baba Yetu, wakifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nanyamaza, naungana nao tena pale pa kutotiwa majaribuni. Nikipata shati la mtu mnene nafikiria ni lake, naikandamiza pasi. Hivyo ndivyo nilivyo sasa, mimi ambaye ulikuwa unanicheka kwa kuwaonea huruma hata panya.

Kwa hiyo usimzuie. Mpe maji anawe, mpikie samaki mbasa, mketishe mbele. Mwombe mzee wa kanisa amwite aeleze tena. Akisema hakuna aliyejua, nitasimama nimuulize mbele ya Liuli nzima kwa nini aliikunja ile khanga. Sitaki polisi, sitaki mali yake, na mkanda arudi nao. Nataka akose jibu akiwa amesimama, watu wakimtazama. Na gari la kurudi Mbinga haliondoki mpaka kesho yake. Atalala palepale katikati yetu, na kila atakayempelekea chai atakuwa amesikia.

Nisalimie shangazi Agnesi anayepamba madhabahu, na babu mdogo anayeshona nyavu, mwambie nitamletea uzi. Wifi yangu, mjane wa kaka, apelekewe salamu kwao Kihagara, na aambiwe siku hiyo akae karibu nami.

Ulinifundisha nisimjibu mtu mzima mbele za watu. Nimelishika hilo mpaka leo. Siku ya msalaba nitaliweka chini, mama, na baada ya hapo nitakuwa mwanao kama zamani, ukinitaka.

Akupendaye,
Hilda