Baba Amefungua Chupa ya Mwaka Wangu

Fiorenza, nimekwisha shoga yangu!

Niko chini ghalani kwenye mapipa ya mvinyo, nimejifanya nafuata chupa nyingine. Ukoo mzima uko mezani juu.

Nilikuwa nishafungua mdomo niwaambie nimepata kazi mjini Torino. Nakuapia, nishafungua mdomo! Baba akasimama na chupa ya Barolo, mvinyo wetu wa mwaka niliozaliwa. Ile ile aliyoilaza gizani miaka yote, hata kuigusa tulikatazwa!

Akasema, "Nilingoja mvinyo huu na binti yangu wakomae pamoja. Kuanzia leo mizabibu yote ni ya Ornella."

Ya Ornella! Hata hakuniuliza! Shangazi Delfina analia, "Hongera mwanangu!" Wote wananipigia makofi.

Nikanywa huku naomba mvinyo uwe umegeuka siki, angalau nipate pa kuanzia kuwaambia. Fiorenza, sijawahi kuonja kitu kizuri vile. Machozi yakanitoka. Baba akanikumbatia.

Nikamnong'oneza, "Baba, mimi naondoka."

Akanijibu sikioni, huku bado anawachekea watu: "Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimeifungua leo, mbele ya wote."