Kijiji Kinachoshuka

Semarang, Jumapili asubuhi

Kaka yangu Wiratno,

Pokea salamu zangu na za Baba. Natumaini barua hii itakukuta huko Batam ukiwa mzima, na kwamba kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa moshi wa kuchomelea vyuma kimetulia. Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri na anabishana vizuri zaidi.

Uliniuliza mwanafunzi wa historia anatafuta nini kwenye somo la mazingira. Mwaka huu chuo kimetuchanganya wanafunzi wa fani mbalimbali. Mezani kwetu yupo Gilang wa uhandisi wa maji, Ratri wa sheria, na mimi. Mwanzoni hatukuelewana kabisa. Gilang alitaka ujengwe ukuta wa kuzuia bahari. Ratri akamuuliza utalinda ardhi ya nani, maana shamba likishafunikwa na maji, hata hati yake huweza kupoteza nguvu. Mimi nikauliza kama kuna yeyote aliyezungumza na wenye mashamba. Mwalimu wetu akacheka, akatutuma kijijini kwetu Tambakwangi.

Kaka, ukikiona kijiji leo hutakitambua. Maji yanaingia msikitini hata siku za kawaida, na Baba ameinua sakafu mara nyingi hadi anaingia sebuleni ameinama. Gilang alipotoa vyombo vyake vya kupimia, Baba alimpokea kwa kejeli.

"Wewe fundi wa vipimo, hebu sema. Bahari inapanda au sisi tunazama?"

Gilang alijibu kwa upole kwamba ni yote mawili, ila ardhi ndiyo inayoshuka zaidi, kwa kuwa viwanda na miji, na sisi pia, tunavuta maji ya chini kwa visima virefu.

"Basi tunakunywa nyumba zetu," Baba akasema.

Ratri alieleza kwamba familia zikihama pamoja zinaweza kuomba serikali viwanja huko juu, mbali na bahari, akajitolea kuandika ombi. Baba akakataa. Kisha akanigeukia mbele ya majirani wote.

"Endah, wewe ndiye wa kwetu. Ungekuwa na watoto, ungewalea hapa?"

Nilimjibu kwamba nisingewalea. Jioni Baba akasema atahama, kwa sharti kwamba Mama atangulie.

Kaka, keti kwanza. Viwanja vilipatikana, na mwezi uliopita tulimhamisha Mama. Tulisubiri maji yapwe, imamu akasoma, wanaume wakachimba tope la kaburi lake la zamani kwa mikono. Gilang na Ratri walikuwapo. Kilichobaki cha Mama tulikivika sanda mpya, na Baba akampakata garini njia nzima akimsimulia habari zako: jinsi unavyochomelea meli, na jinsi ulivyokonda.

Alinikataza nisikwambie kabla. Alisema akikuona unalia hataweza kushuka kaburini. Nilimtii, ingawa najua wewe ndiye mzaliwa wa kwanza na pale palikuwa mahali pako. Kwa hilo nakuomba radhi. Ukiwa na hasira, niandikie mimi, usimwandikie yeye.

Kaburi jipya liko juu mteremkoni, pakavu. Baba anakusalimu sana. Anasema ukija usipite tena njia ya pwani. Ushukie soko la juu, atakuja kukuchukua mwende wote kwa Mama, kwani yeye hajakwenda tena tangu siku ile. Anakungoja wewe.

Mungu akulinde kazini.

Mdogo wako akupendaye,
Endah