Nani Aliunyoosha Usukani

Baba,

Usukani wa gari lako umenyooka, na hilo ndilo lililonifanya nimshuku fundi wako Koech kwamba anataka kutuua mimi na Mama.

Naanzia hapo kwa sababu hukupenda barua zinazozunguka. Nimeandika nyingi maishani, unajua: kwa wahariri, kwa wakuu wa elimu walionihamisha shule nne, kwa kaunti kuhusu mitaro ya Bondeni inayofurika kila mvua. Wengi hawakujibu. Wewe pia hutajibu, lakini angalau sababu yako naijua.

Ni wiki tatu sasa tangu tukuzike. Mama amekiondoa kiti chako pale dirishani. Si kwa huzuni, anasema kilikuwa kinamzibia mwanga tangu siku uliyokileta. Koech anafungua gereji asubuhi kama zamani, na bango bado lina jina lako. Nilipoliona baada ya mazishi sikufikiri kwamba ni heshima. Nilifikiri: anavuta wateja kwa jina la marehemu. Kichwa changu ndivyo kinavyofanya kazi, na ni wewe uliyenifundisha kusoma gazeti nikiuliza kwanza nani anafaidika.

Unakumbuka gari lilivyopanda. Watu wa Milimani huinua magari yao ili wakanyage ukingo wa barabara wakienda kununua maziwa. Wewe uliliinua kwa ajili ya njia ya shamba la Molo, ambako udongo ukilowa hulishika gurudumu usiliachie. Wewe na Koech mkatia springi ndefu, na kesho yake usukani ukakaa upande, kama mtu aliyeinamisha kichwa kusikiliza. "Gari imepanda, usukani haijapata habari," ukasema, na Koech akacheka hadi akaweka spana chini.

Ulinieleza mezani kwa kijiko na uma. Kuna chuma kirefu kinachotoka kwenye boksi la usukani hadi kwenye gurudumu. Gari likiinuka, chuma hicho kinainama zaidi, kinakuwa kama kimefupika, na kinavuta magurudumu upande mmoja. Dereva analazimika kupinda usukani ili gari liende sawa. Dawa yake ni kuingia chini, kulegeza vibano na kuzungusha kile kipande cha katikati mpaka chuma kirefuke inavyotakiwa. Usukani utarudi wenyewe.

Na kuna njia ya pili, ukasema, ukaweka uma chini. Unafungua nati, unachomoa usukani, unaurudisha ukiwa umenyooka. Unapendeza macho. Lakini boksi lenyewe limebaki nje ya katikati yake, pale ambapo meno yake hayashikani vizuri, na gari likishika mwendo linatangatanga. "Hiyo si kurekebisha gari. Hiyo ni kudanganya mwenye gari."

Ulimfukuza mtu kwa kosa hilo. Fundi mzima, mwenye watoto. Nilikuwa nimekuja likizo, nikamwona amesimama ameshika kofia kwa mikono miwili, na wewe hukumtazama hata mara moja. Nilijivunia. Niliandika makala juu ya fundi mmoja asiyevumilia kazi ya uongo, na watu wakaniuliza ni nani huyo. Sikuwaambia. Nilicheka tu kama binti mwenye mali.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Wiki ya pili baada ya kukuzika nilienda kuchukua gari. Koech akasema, "Mwalimu, niachie mpaka Ijumaa. Kuna kitu kidogo sijamaliza." Nikamuuliza kitu gani. "Kitu kidogo tu." Alikuwa anatazama sakafu. Na Mama alikuwa ameniambia kwamba Koech amemuuliza mara mbili kama kweli anataka kubaki na gari hilo, ama atafutiwe la chini kidogo. Nikaunganisha. Mimi ni hodari wa kuunganisha, Baba. Nikanyoosha mkono, nikadai ufunguo. Akanipa, akasema, "Basi usipite hamsini." Nikamuuliza tangu lini fundi anampangia mwenye gari mwendo.

Jumatano tukaenda Molo, mimi na Mama. Kwenda, tulipanda polepole, sikuona shida. Kurudi, tukiteremka kuelekea Salgaa, barabara isiyoisha ajali, malori mbele na malori nyuma, gari likaanza kuchagua njia yake. Usukani umenyooka kabisa mikononi mwangu, na bado nauzungusha kidogo huku, kidogo kule, na gari linaitika likichelewa, kama mtu anayejibu swali ulilomuuliza jana. Mama alikuwa amekumbatia ndoo ya viazi. "Nasimiyu," akasema bila kupaza sauti, "hii gari imelewa." Lori likapita karibu mno, upepo wake ukatusukuma. Nilifika Salgaa nikaegesha, nikazima injini.

Nyumbani nikafanya ulivyonifundisha: nikainua mbele kwa jeki, nikahesabu mizunguko ya usukani kutoka katikati hadi mwisho. Kulia, miwili na robo. Kushoto, mmoja na nusu, badala ya kulingana. Nikabandua kifuniko cha honi. Nati ilikuwa na mikwaruzo inayong'aa. Mtu alikuwa ameuchomoa usukani na kuunyoosha kwa uongo, na gari lilitoka mikononi mwa nani? Sikuhitaji shahidi mwingine. Tena mimi, ninayewafokea watu mikutanoni kwa kumpima mwenzao kwa kabila la jina lake, nikajikuta nalipima jina la Koech. Nakuandikia hili kwa sababu sitalisema mahali pengine.

Nilikwenda Jumamosi saa nne, nikijua jinsi gereji inavyojaa saa hiyo. Nikaegesha katikati ya lango ili mtu asiingie wala kutoka.

"Koech, ulitaka tuangukie wapi? Sachangwan ama Salgaa penyewe?"

"Mwalimu, shuka kwanza."

"Sishuki. Waambie watu nani alichomoa usukani wa Mzee."

"Mimi sikuchomoa."

"Kwani ni malaika?"

Watu wakacheka. Mama wa chai akasema, "Mwalimu, chai inapoa na wewe unazidi kuchemka," wakacheka tena, na kicheko kikanipa nguvu. Nikasema yote: kwamba anamtisha mjane ili auze, kwamba jina lililo kwenye bango hastahili hata kulipaka rangi, kwamba ungekuwepo ungemfukuza kama ulivyomfukuza yule mwingine. Hapo akanitazama. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani. Nikauchukua ukimya wake kuwa ni kukiri. Yule mteja wako mkubwa, anayeleta matrekta, alikuwa pale. Nasikia amepeleka kazi yake kwingine.

Kwa kuwa sikumwamini tena fundi yeyote mjini, nikaamua kulirekebisha mwenyewe. Kwanza nichomoe usukani, niurudishe mahali pake pa asili, kisha niingie chini. Ulilegea kwa shida. Nikamulika kwa tochi ya simu.

Kulikuwa na alama mbili nyeupe juu ya meno ya mhimili unaobeba usukani. Moja ya mahali usukani ulipokuwa zamani, nyingine ya mahali ulipohamishiwa. Wino mweupe wa kufutia makosa. Ule niliokuwa nakuletea kutoka shuleni, chupa baada ya chupa, kwa sababu ulisema chaki hufutika na rangi huchelewa kukauka. Koech hutumia patasi kutia alama, tangu zamani, na mlikuwa mkigombana juu ya jambo hilo. Nikajilaza chini ya gari. Kile kipande cha katikati kilikuwa kimeshikwa na kutu, na juu ya kutu kulikuwa na alama za meno ya spana, mahali pengi, juu chini, kama mtu aliyejaribu na spana ikateleza, akajaribu tena ikateleza.

Nilikaa pale chini kwa muda mrefu. Mama akatoka akauliza kama nimekwama. Nikasema ndiyo.

Jumatatu nikaenda kwa Koech, safari hii kwa miguu. Nikamwambia nimeona alama. Akavuta kigoda, akaketi, hakunikaribisha. "Nilimkuta amekaa chini, spana iko mapajani," akasema. "Mkono wa kulia ulikuwa hauwezi kufunga ngumi. Usukani tayari ameshaunyoosha. Akaniambia, Koech, hii usiseme, nitairudia nikipata nguvu. Nikamwambia Mzee, wacha nimalize mimi. Akakataa. Akasema gari yake atamaliza mwenyewe." Halafu ukaenda hospitali, hukurudi. Koech alitaka kulimaliza kimya kimya kabla Mama hajalipanda, na alikuwa anangoja mtungi wa gesi wa kupasha ile kutu. Ijumaa. Aliniomba mpaka Ijumaa tu, nami nikamnyang'anya ufunguo.

"Ungeniambia," nikasema.

"Alisema nisiseme."

"Hata nilipokutukana mbele ya watu?"

"Hapo ndio ningesema aje, Mwalimu? Mbele ya watu?"

Sasa, Baba, nina ugomvi nawe, na utanisikiliza kwa sababu huwezi kuondoka mezani. Kwa nini hukuniita? Mimi nina mikono miwili. Ningelala chini, ungesimama unielekeze, ungenifokea kama kawaida. Ulimwomba mtu mwingine abebe siri yako, akaibeba hadi ikamwangukia, na mimi ndiye niliyeisukuma. Sasa nakumbuka kikombe ulichokuwa unajaziwa nusu tu. Nakumbuka uliacha kufunga kifungo cha juu cha shati ukasema ni joto, na Nakuru ilikuwa na baridi ya Julai. Mimi ninayeshuku kila hotuba na kila tangazo sikushuku kifungo.

Na yule fundi wa kofia. Ulipochomoa usukani, ulimkumbuka? Sikuulizi ili kukuumiza. Kweli nataka kujua.

Tulilirekebisha pamoja, mimi na Koech, kwa siku moja. Tulilisukuma mahali palipo sawa. Nikauzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, nikagawa mizunguko kwa mbili, boksi likawa katikati, naye akaurudisha usukani kwenye alama yako ya kwanza. Akapasha ile kutu moto, akaniachia spana. "Robo," akawa anasema. "Tena robo. Usikimbie, si mbio za kura." Kile kipande kilipoachia, kilitoa mlio mdogo. Tukapima kwa futi nafasi kati ya magurudumu ya mbele, mbele yake na nyuma yake, tukasahihisha, tukapima tena. Tukaenda nalo hadi Njoro na kurudi. Halitangatangi.

Nikamwomba Koech radhi tukiwa garini. Akasema, "Imeisha, Mwalimu. Wacha Mzee apumzike." Nikamwambia nitarudi Jumamosi kuwaeleza watu. Akakataa kabisa. "Ukisema si mimi, watauliza ni nani." Ndivyo alivyosema. Na ni kweli. Siwezi kulisafisha jina lake bila kulishika lako.

Nakiri kwamba nilifurahi kidogo aliponiambia niache. Hicho ndicho kitu ninachokishuku zaidi sasa, Baba, furaha ile. Ilikuja upesi mno. Nimewaandama wakubwa wangapi kwa kuficha kosa la marehemu mwenye heshima na kumwachia aliye hai abebe? Na mlango uleule uliponifungukia mimi, nilikuwa tayari nimeshainua mguu.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilimwambia Mama yote, tukichambua mboga. Nilidhani atalia au atanikataza. Aliendelea kuchambua. "Alikuwa ananiambia mkono umelala," akasema. "Umelala, umelala. Nikawa nausugua na mafuta." Kisha akaisogeza sufuria. "Enda useme. Koech ana watoto shuleni. Lakini usiseme usukani peke yake. Sema na mkono."

Kwa hivyo nimeamua, na nakuambia kabla ya wengine kwa sababu ni haki yako kulisikia kwanza. Jumamosi hii saa nne nitasimama pale langoni, nikiwa nimeshuka. Nitamtaja Koech kwanza, kisha nitakutaja wewe. Nitasema ulichofanya kwa maneno yale yale uliyokuwa ukitumia kwa wengine, bila kupunguza. Halafu nitasema mkono wako ulikuwa umekataa kufunga, na kwamba ulitia alama kwa sababu ulikusudia kurudi. Atakayecheka atacheka. Yule wa matrekta nitamfuata hadi kwake.

Lala, Baba. Mimi bado nina hasira nawe, na Mama anasema zitapungua, nami simwamini sana. Lakini nakuahidi hili: hakuna mtu mwingine atakayelipia siri yako, hata kama mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kukutangaza.

Binti yako,
Nasimiyu