Kurasa za Boila Namba Mbili

Beijing, tarehe 9 Machi

Dada Guizhi mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limeacha kukusumbua sasa baridi inapoanza kulegea. Na shemeji je, kifua kimetulia? Mwambie sigara za asubuhi azipunguze, ingawa najua atasema nimwache na starehe yake. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Peiwen anakusalimu sana, na anakushtakia kwamba ile kabichi ya kuchachua uliyotupa mwaka mpya nimeimaliza peke yangu, nimesimama mbele ya friji kama mwizi.

Utashangaa kupata karatasi. Tumezoea simu, na ule ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara tano. Sikukujibu kwa sababu ninalotaka kusema siwezi kulisema huku nakusikia ukipumua upande wa pili. Isitoshe, kwenye simu yupo mtu anayefanya kazi niliyokuwa nikiifanya mimi. Basi nikaenda kununua bahasha, na muuzaji akaniuliza kama ni ya harusi.

Umeuliza kama ile kampuni ya kigeni niliyoifanyia kazi, hata kama imeshafunga ofisi yake hapa nchini, inaweza kukurudishia kurasa zako za blogu. Umesema Bibi Ding ametimiza miaka tisini na moja, macho yanakwisha, na anataka kuuona uso wa binti yake Yafen mara moja tu kabla giza halijamfunika. Umesema tena, kama unavyosema kila mwaka, kwamba ni hivyo vidole vyako vizito vya jikoni vilivyobonyeza pasipostahili.

Nitakujibu, lakini niache kwanza nizunguke kidogo. Siku hizi nayakumbuka sana mabweni yetu ya kiwanda cha blanketi. Nakumbuka mwezi wa kumi na moja, kabichi zimepangwa kwenye korido hadi watu wanapita kiubavu. Nakumbuka king'ora cha zamu ya asubuhi, na wewe ukinivalisha soksi mbilimbili kwa sababu mama hakuwepo tena wa kufanya hivyo. Jumamosi ulinipeleka bafu la umma, upande wa wanawake, mpaka nilipofika miaka sita, na wenzio wa kantini wakawa wananitania, "Haya, jisitirini, bwana harusi kaingia." Tukirudi unatia peasi zilizoganda kwenye beseni la maji, tunakaa kuzingoja zilainike. Sijawahi kula kitu kitamu kama zile peasi, na za huku Beijing nimezijaribu, si zenyewe.

Ndiyo maana nilifurahi ulipoanza kuandika. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa, kantini imekuwa ghala la matairi, nawe ukajikalisha kwenye ule mkahawa wa intaneti wenye moshi, katikati ya vijana wanaopigana na majoka ya kompyuta, ukichapa kwa vidole viwili. Wale wenzio wa zamani wakakupachika jina la Mhariri Mkuu. Walikuletea picha ndani ya mifuko ya vitambaa, na kila mmoja akakusimamia begani akikusahihisha: hapana, Mpishi Sun alitia chumvi mara mbili siku ya harusi ya fulani, si siku ya mkutano. Niliisoma blogu yako kila jioni nikicheka peke yangu. Ilikuwa kama kuketi tena kwenye ile korido.

Kisha ukaufikia ule msimu wa baridi, boila namba mbili, ule mtambo wa mvuke, ilipopasuka. Tangazo la kiwanda lilisema wamekufa watatu. Wewe ukaandika majina kumi na manne, moja moja, na nani alipenda kuimba, na nani alikuwa amekopa viatu siku ile. Hukumtukana mtu, hukudai kitu. Bibi Ding akakupa picha pekee ya Yafen, mmoja wa wale kumi na wanne, ile ya nywele zilizosokotwa kwa moto, anacheka na bakuli mkononi. Ukaiskani ukaiweka. Mumewe, Mzee Ding, alipofariki wakamzika nayo, kwa kuwa wewe mwenyewe uliwahakikishia kwamba ikishaingia kwenye kompyuta haipotei.

Sasa nikueleze kazi yangu ilikuwa nini, maana nilikwambia tu kwamba ni ya kompyuta. Tulikuwa watu themanini, ghorofa ya kumi na mbili, tunasimamia blogu za watu ambazo kampuni ilizihifadhi, ya kwako ikiwemo. Kila Ijumaa ofisa wa idara ya serikali alipiga simu. Hakuleta karatasi hata siku moja. Alisema mambo fulani yanaudhi, na tulipouliza ni yapi hasa, alijibu, "Si mnajua wenyewe?" kisha akakata. Basi sisi tukakaa kubahatisha. Tulikuwa na orodha ya maneno. Ukurasa wenye neno mojawapo uliletwa mbele ya mmoja wetu, naye akaufuta au akauachia. Mwenzangu Fu alikuwa akisema sisi si wafutaji, ni madobi, tunanyoosha tu mikunjo, na sote tukacheka.

Meneja wetu, Bwana Whitlock, mgeni kutoka ng'ambo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na picha za watoto wake mezani, na siku za kuzaliwa alituletea keki. Mwaka ule leseni ya kampuni ilikuwa inakaribia kuhuishwa. Akatukusanya akatusomea waraka wa makao makuu: kampuni inaheshimu sheria za kila nchi inamofanyia biashara. Nilimnong'oneza Fu nikimuuliza ni sheria ipi hiyo. Akanijibu, "Ile isiyoandikwa, bwana. Hiyo ndiyo ya kuiogopa." Kisha Bwana Whitlock akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwa kuwa sisi tunatoka mikoa yote, kila mmoja alete maneno ya kwao yanayoweza kuleta matatizo, ili tujirekebishe kabla hatujaambiwa. Watu wakaleta. Mmoja akaleta jina la mto wao ulioharibika, mwingine jina la shule. Walikuwa wanakimbizana kuandika ubaoni, nami sikutaka kuonekana nimekuja mikono mitupu.

Dada, niliandika jina la kiwanda chetu. Chini yake nikaandika "boila namba mbili".

Nilijiambia hakuna atakayeligusa, ni neno la mji mdogo. Jumatatu mashine ikaleta kurasa zenye maneno yale, na kwa kuwa neno lilikuwa langu, zikaja kwangu. Zilikuwa zako zote. Nilikuwa na vitufe viwili mbele yangu, na kimoja kilikuwa cha kuachia. Ningekibonyeza hicho, asingejua mtu yeyote. Nilikaa nikitazama nywele za Yafen mpaka chai ikapoa. Nikawaza kwamba Fu ataona, kwamba watasema Luan Shuhe analinda watu wa kwao, kwamba leseni ikikosekana itakuwa kwa sababu yangu. Nikafuta blogu nzima, na habari za Mpishi Sun na chumvi yake zikaenda pamoja nayo.

Ijumaa simu ilipolia niliomba nizungumze mimi. Nilitaka sifa. Nikamwambia ofisa kwamba zile habari za boila namba mbili tumeshazishughulikia bila kusubiri kuambiwa. Akauliza, "Boila gani tena? Nani kawauliza mambo ya maboila?" Akaendelea na mengine. Hakuna aliyeagiza, Dada. Serikali haikuagiza, wala Bwana Whitlock hakuitaja. Nimewalaumu wote hao kwa miaka kumi na miwili, na bado nawalaumu, kwa sababu walitengeneza chumba ambamo mtu kama mimi alishindana kufuta kwao. Lakini kidole kilikuwa changu.

Jioni ile ulinipigia unalia kwamba kurasa hazionekani. Ni mimi niliyekwambia labda umebonyeza pasipostahili. Hukuwa umewaza hilo. Neno la vidole vizito nalo ni langu, nililisema kwa utani ili ucheke, ukacheka, ukaliamini. Tangu hapo kila sikukuu ya kufagia makaburi unampelekea Bibi Ding mayai na kumwomba radhi kwa kosa usilolifanya, nami nimekuachia uende. Mwaka juzi nilikusindikiza hadi mlangoni kwake. Nilibaki nje nikijidai naongea na simu.

Wiki iliyopita nilimwandikia Bwana Whitlock huko kwao, nikamweleza yote, nikamwomba. Amenijibu kwa adabu sana. Anasema ofisi ilipofungwa kila kitu kiliteketezwa, kwa ajili ya kulinda siri za wateja. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, hazirudi, na Bibi Ding hatauona tena uso wa Yafen. Nimejaribu kuyaandika yale majina kumi na manne kwa kichwa. Nimepata tisa. Nilikuwa nikisoma haraka, kama tulivyofundishwa.

Naona aibu, Dada, na sikuombi unisamehe kwa barua. Nitafika Ijumaa ile ya mwanzo wa mwezi wa nne, siku moja kabla ya sikukuu ya makaburi, na kwa Bibi Ding nitakwenda mimi. Wewe usimdokezee neno lolote, na usinifunike. Nataka asikie kutoka kinywani mwangu kwamba vidole vyako havina kosa, na akitaka kunifukuza, anifukuze mimi. Wale wenzio wa kantini nao uwaambie, au uwape barua hii waisome.

Nisalimie shemeji, na majirani wote wa jengo la tatu waliobaki. Peiwen hatakuja nami; nimemwambia jana, na usiku amehamishia mto wake sebuleni.

Siku zote nikishuka kwenye treni hunipikia tambi, na siku ya kuondoka unanipikia jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama, kama wafanyavyo watu wote wa kwetu. Safari hii nikifika nikikuta jiaozi mezani, nitajua ni za kuniaga; nitazila, wala sitauliza. Nimeshaangalia ratiba. Treni ya kurudi ipo saa kumi na moja jioni hiyo hiyo.

Mimi mdogo wako,
Shuhe