Mwamba Umefunga

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada, na naomba usinicheke, ingawa mimi mwenyewe nimezicheka barua zinazokuja kwako kwa miaka mingi, nikisoma gazeti kibarazani na kumwambia marehemu mke wangu, "Huyu naye hana mtu wa kumwambia ukweli?", na leo nimeketi pale pale, miwani puani, nimeshachana karatasi tatu, na asiye na mtu wa kumwambia ukweli ni mimi.

Nina miaka sabini na moja. Nilifika mji huu nikiwa na miaka thelathini, baada ya vita kunifukuza kwetu, na nilichojua kufanya ni kuzamia tu, kwa hiyo nikafundisha watu kuzamia, wakaniita Mwalimu usoni na "yule wa kuja" nikigeuka, na sikumlaumu mtu, maana lafudhi yangu hainiachi ninunue hata mkate bila kuulizwa natoka wapi. Chini ya maji hakuna anayesikia lafudhi. Pale mwambani, mbele ya mji huu, kuna tumbawe moja pana lenye umbo la meza, na mbele ya ufuko nilikozaliwa kulikuwa na pacha lake, basi kwa miaka arobaini nimekuwa nikishuka kulitazama kama wenzangu wanavyokwenda kwao likizo.

Miaka hiyo hiyo niliuona mwamba ukichakaa, wazamiaji wakizidi, mapezi ya miguuni yakigonga, mikono ikishika isipopaswa kushika, mchanga ukitimuliwa na kuyafunika matumbawe mpaka yakakosa mwanga. Mwaka jana nikasimama katika mkutano wa chama cha wazamiaji nikasema tuufunge miaka mitatu, asiingie mkubwa wala mdogo, ujiponye. Nilisema vizuri mno, mshauri, ndiyo maana sasa naona haya. Mwanafunzi wangu wa zamani, mama wa watoto wawili ambaye siku hizi ana boti yake, na ambaye tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupoi, alinijibu mbele ya wote, "Mwalimu, ninyi wazee mmeshashiba, sasa mnatuondolea sahani!" Watu wakacheka, naye akaongeza, "Ufungeni, mimi nitaingia tu, nitajifanya samaki." Lakini kura zilipopigwa aliinua mkono pamoja nasi, mwamba ukafungwa, nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kuulinda, na tangu siku ile sikulisikia tena lile neno "wa kuja". Nikawa Mzee wa Mwamba.

Kibao cha onyo nilikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, mimi ninayesahihisha hata matangazo ya kinyozi, nikasahau herufi moja, kikasomeka MWAMBA UMEFUNGA. Chiriku ndiye aliyekiona kwanza. "Kumbe umefunga! Basi jamani tusipite mbele yake tukitafuna." Tukacheka mpaka machozi, tukakiacha hivyo hivyo.

Sasa fedheha yangu. Mwezi wa saba tangu kuufunga, daktari alinipima masikio na moyo, akasema nimebakiwa na mwaka mmoja wa kuzamia, na pengine usitimie, nikajua kwamba mwamba utakapofunguliwa mimi nitakuwa mtu wa kukaa ufukoni na kuuliza habari. Nikaanza kuingia, kila Jumanne asubuhi, saa ambayo mlinzi wa mwamba hupeleka boti yake kujaza mafuta, na saa hiyo naijua kwa kuwa ratiba yake niliipanga mimi. Nilijiambia sigusi kitu, natazama tu. Jumanne ya nne nilisikia injini juu yangu, nikaogopa kuonekana, nikajibanza chini ya lile tumbawe, mtungi wangu wa hewa ukaligonga, ukingo wake mzima ukavunjika, kipande cha upana wa mlango. Nilibaki pale nikitazama vipande vikishuka polepole mpaka hewa ikakaribia kwisha.

Ile injini ilikuwa ya Chiriku. Alikuwa akipitisha watalii nje ya maboya, akienda mwamba mwingine ulio wazi, wala hakuwa na kosa lolote. Mlinzi alikuwa anarudi, akaiona boti ya Chiriku, na siku mbili baadaye alipokagua chini na kuona uharibifu, watu wakaunganisha boti na yale maneno ya kujifanya samaki, wakapata mkosaji. Kamati ikanituma mimi, mjuzi, nishuke nikachunguze. Nikashuka kwa ruhusa kulitazama kosa langu, nikarudi nikaandika ripoti: mkwaruzo wa mtungi wa hewa, alama za mtu aliyejibanza, mzamiaji mzoefu. Niliandika ukweli wote isipokuwa jina. Waliposoma "mzoefu" walimgeukia yeye. Wamemzuia kupeleka watalii popote, na Jumamosi ijayo kuna kikao cha kumfuta kabisa chamani.

Alinifuata nje ya ukumbi. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha. Unajua miguu yangu inavyopiga maji. Waambie si mimi." Nikamjibu, "Tutaangalia, mwanangu." Tutaangalia! Hakusema neno tena, na Chiriku kunyamaza ni jambo ambalo mji huu haujawahi kuliona.

Nikikiri najua watakachosema, kwamba wa kuja ni wa kuja tu, na mimi nilishafukuzwa kwetu mara moja, sina tena umri wa kufukuzwa. Je, siwezi kumtetea kwa njia nyingine, niseme ushahidi hautoshi, apewe onyo tu, yaishe?

Mzee asiye na uso

*

Mzee wangu asiye na uso, shikamoo. Heshima hiyo umeipata kwa umri wako. Haya yanayofuata umeyapata kwa kazi ya mikono yako.

Nianze na swali lako, maana ndilo lililonikasirisha. Hapana. Apewe onyo la nini? Onyo hupewa aliyekosa. Wewe unataka kumpunguzia mwenzako adhabu ya kosa lako, kisha akushukuru kwa kumtetea.

Jumanne zako nazielewa. Mtu aliyepoteza kwao, akakipata kipande chake chini ya maji, akaambiwa amebakiwa na mwaka mmoja, miguu humtangulia akili. Ungeniandikia baada ya ile Jumanne ya kwanza ningekukemea kidogo tu. Hata tumbawe ulilivunja kwa woga, na woga ni wetu sote. Lakini ile ripoti hukuiandika kwa woga wa ghafla. Uliketi, ukavaa miwani, ukachagua maneno. Kwenye kibao ulisahau herufi. Kwenye ripoti hukusahau jina, uliliacha.

Unaogopa kuitwa wa kuja. Basi tazama ulichokifanya, mzee wangu: umemchukua mwanamke aliyezaliwa hapo, ukamfanya wa kuja katika mji wake mwenyewe. Leo ni yeye anayepita watu wakinyamaza. Ni yeye anayeitazama bahari kwa mbali kama mali ya wengine. Katika mji huo mzima ni wewe peke yako unayejua hali hiyo ina uchungu gani, na ni wewe uliyemwonjesha.

Huenda neno hilo wakakuita tena, sikudanganyi. Litakuuma. Uliliishi miaka arobaini ukiwa huna kosa, sasa utaliishi ukiwa nalo, na bado utaamka asubuhi.

Usingoje Jumamosi. Ukimaliza kusoma hapa, vaa viatu uende kwake, mchana kweupe, na usimtume mtu. Wala usimwandikie barua, hii moja imetosha. Akikupa kiti usikikalie mpaka umesema: "Ni mimi niliyevunja, na nilijua si wewe." Hiyo nusu ya pili usiimeze, ndiyo yenye uzito. Akifoka, sikiliza. Akinyamaza, ngoja. Msamaha usiuombe siku hiyo, ataona umekuja kuchukua tena. Kisha andika ripoti upya, jina likiwemo, yeye awe wa kwanza kuisoma, na Jumamosi uisome mwenyewe kwa sauti, kwa lafudhi yako hiyo hiyo. Uenyekiti uwarudishie hapo hapo kabla hawajakuuliza. Mtungi na mapezi yako uyakabidhi kwa kamati. Ule mwaka mmoja aliokupa daktari ndio adhabu yako, na najua ni nzito, lakini ndicho kitu pekee ulicho nacho kinachotosha.

Kibao kiacheni, msiongeze herufi. Kimesema kweli kuliko aliyekiandika: mwamba umefunga, nawe ulikuwa ukila mbele yake kwa kujificha. Sasa funga nao.

Na siku ya kuufungua, ukiwa bado upo na Chiriku akikubali, panda boti yake, ukae nyuma, umshikie taulo. Ashuke yeye akaitazame hiyo meza imeotaje. Akiibuka, kwa mdomo ule, atakusimulia tumbawe baada ya tumbawe mpaka mtie nanga. Wewe sikiliza, na usimsahihishe hata neno moja.