Chipu Uliyoipiga Msasa

Baba Mwende,

Sikuandikii ili nikulilie. Nililia vya kutosha kule Kitui mbele ya ndugu zako, nikala mahindi yenu ya muthokoi matangani kwa machozi, na nilipopewa nafasi ya kuzungumza nikasema mazuri yako yote: kwamba Kibera nzima haikuwa na fundi wa stima ya magari kama wewe, na kwamba ulinifunza kazi miaka kumi na mmoja bila kunitukana hata siku moja, mimi Mjaluo, mtu wa samaki kama ulivyopenda kuniita. Marehemu hasemwi vibaya, nami sikukusema. Lakini leo nina hasira na wewe, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuipokea hasira hii, itabidi uipokee mwenyewe.

Habari kwanza. Kibanda chetu bado kipo hapo Soweto East, ila kimesogezwa hatua chache kwa sababu ya mtaro wa maji wanaochimba. Wateja wa Nyayo Highrise wanaendelea kuja. Miezi minane baada ya kukuzika, bado kuna wanaochungulia ndani, wananiona mimi peke yangu, wanauliza, "Mzee yuko?" Nikiwaambia, wengine wanatoa pole, wengine wanawasha gari na kuondoka. Mmoja aliguna akasema, "Ngai, sasa nani atanitengenezea?" na mimi nimesimama mbele yake, chuma cha kuchomelea kiko mkononi na moshi unatoka! Ungekuwepo ungemjibu wewe. Mimi nilimwonyesha njia ya kutokea.

Sasa sikiliza. Wiki tatu zilizopita mama Mwende alinipigia simu asubuhi kutoka nyumbani kwako, mtaa wa Congo. "Akinyi, gari imekataa. Redio inaimba, taa zinawaka, lakini nikizungusha ufunguo ni kimya tu." Nilijua kabla sijafika. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, maji yakapenya kwenye mpira wa kioo cha mbele, yakateremka mpaka kwenye kile kisanduku cheusi kilicho chini ya usukani, kile kinachousikiliza ufunguo na kuamua kama anayeuzungusha ni mwenye gari au ni mwizi. Kisipoutambua ufunguo, injini haiwaki hata uiwekee mikono na kuiombea.

Nilimkuta Mwende mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, sare imepigwa pasi, mkoba mapajani. Unajua mwenyewe mtoto huyo anavyosafiri. Ni wewe uliyeng'oa kiti cha nyuma cha gari kwa mikono yako ili kiti chake kiingie bila kukunjwa. Ni wewe uliyechoka kuona makanga wa matatu wakigeuza macho pembeni, kana kwamba msichana mzima na kiti chake hawaonekani. Bila gari lako Mwende haendi shule, basi. Na mitihani yake ya kidato cha tatu ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili.

Nilianza na njia ya watu waungwana. Nilikitia kisanduku kwenye mfuko nikaenda kwenye ofisi za wale wanaouza magari ya kampuni hiyo, kule kwenye vioo na viyoyozi. Nilingoja mpaka saa saba. Jamaa wa kaunta alikitazama kisanduku bila kukigusa akasema, "Hiyo gari iliwachwa kitambo, madam. Spare hakuna, na kompyuta yetu haiitambui." Nikamwomba basi aniambie tu jina la chipu iliyomo ndani, mengine nitajisaidia. Akasema hiyo ni siri ya kampuni. Nikamwambia kuna mtoto amekaa nyumbani. Akatabasamu, Baba Mwende, akatabasamu! "Si mtafute tu gari ingine?"

Nilitoka pale nikisema peke yangu barabarani. Kuacha kutengeneza kitu si kosa. Hata mama wa mandazi anaweza kuamka siku moja akaamua kuuza sukuma wiki, lakini hatazuia mtaa mzima kupika mandazi. Hawa waliuza gari, wakapata faida yao, wakalisahau, ila siri yake wameikumbatia mpaka leo. Wanailinda isichukuliwe na nani? Mwizi gani anahangaikia gari ambalo hata mlango wake wa akiba haupatikani? Eti gari limekufa. Limekufa wapi? Injini nzima, giaboksi nzima, bodi haina hata kutu. Kilichougua ni kitu kinachotosha ndani ya kiberiti, na wanaojua dawa yake wamefunga mdomo.

Nikarudi kibandani nikijipa moyo. Nilijisemea, hawa wasituringie, Baba Mwende alikwisha kukitibu kisanduku hiki. Nilikumbuka ule mwaka nilipokuwa nyumbani nimejifungua Junior, ukaniambia kwenye simu kwamba umetoa chipu ya kampuni iliyokuwa imechoka, ukahamisha kumbukumbu zake kwenye nyingine uliyoivua ndani ya king'amuzi kibovu cha televisheni. Ulicheka sana siku hiyo. Ulisema gari lako sasa linaweza kuonyesha taarifa ya habari.

Nikafungua kifuniko. Kazi yako ile! Risasi ya kuchomelea imekaa safi, kila mguu wa chipu mahali pake, ila maji yalikuwa yameanza kuila. Nikasogeza taa nisome jina lake, na hakukuwa na jina. Mgongo wa chipu ulikuwa umesuguliwa kwa msasa mpaka ukawa kipara.

Nikaketi.

Nani asiyejua katika kazi hii kwamba bila jina umekwama? Kumbukumbu zote za ufunguo zimo ndani ya ile chipu. Ili mashine izisome na kuzihamisha, ni lazima uiambie chipu inaitwaje. Ukiipa jina lisilo lake inaweza kufuta kila kitu, na hapo ndipo gari linakufa kweli, la kugeuzwa banda la kuku.

Najua utasema nini. Ndiyo, huo msasa nilikuwa nakununulia mimi. Kila kazi ikiisha, kabla mwenye gari hajamaliza chai yake, ulikuwa unasugua jina la chipu uliyoweka, unapuliza vumbi, unafunga. Ulinifunza na mimi, nikawa hodari kukushinda. Yote hayo ni kwa sababu ya Musyoka wa Kawangware, yule mtu wa Machakos aliyewahi kufungua kazi yako, akainakili, akaanza kuwahudumia wateja wako. Ulimwita mwizi mpaka nikasahau kwamba ana jina lingine. "Kazi ikijulikana na kila mtu, sisi tutakula nini?" ulikuwa unasema, nami naitikia kama mtu wa kwaya. Nilipokuuliza majina ya chipu zako ulinijibu, "Pole pole, mtu wa samaki. Siku yake itafika." Siku iliyofika ni ile Jumanne ulipoanguka hapo mezani.

Lakini gari lako mwenyewe, Baba Mwende? Lako! Ulikuwa unamficha nani? Musyoka angelifungua saa ngapi gari linalolala mlangoni pako? Ulimficha mkeo? Ulinificha mimi? Nilipiga meza mpaka kinyozi wa jirani akaja kuuliza kama nimeona nyoka. Nilikutukana kwa Kijaluo ili usielewe, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili uelewe. Asubuhi nilikuwa nimewalaani wale wa viyoyozi, na kumbe mzee wangu alinifanyia yale yale, tena kwa msasa nilioununua mwenyewe.

Siku nne niliitazama ile chipu. Nilikuwa na majina mawili ya kubahatisha. Siku ya tatu nilishaiunganisha na mashine, kidole kiko juu ya kitufe, halafu nikamkumbuka Mwende na mkoba wake mapajani. Nikaondoa mkono, nikazima kila kitu, nikaenda kusimama nje.

Siku ya tano nikafanya jambo ambalo ungekuwa hai lingekuua. Nilikwenda kwa Musyoka.

Usikunje uso. Ameota mvi siku hizi. Nilimwekea kisanduku mezani bila kusema ni cha nani, akakiinamia, akavua kofia. "Hii ni mkono ya Mutua," akasema, akakutaja kwa jina lako. Nikamweleza yote, hata habari za Mwende. Akasimama, akaenda kwenye ukuta wake wa mbao, ule ambao ameuandika makaa na wino kutoka juu mpaka chini, akapitisha kidole, akapitisha tena, akasimama. Pale paliandikwa aina ya gari lako, jina la chipu, na pembeni yake, "Mutua." Ni ile ile kazi aliyokuibia, ya gari la mteja lililofanana na lako, kabla hujaanza mambo ya msasa. "Hii nilimwibia, na sioni haya," akaniambia. "Mzee wenu mdomo yake ilikuwa mbaya, lakini mkono ilikuwa inajua, na chipu ikimkubali hakuwa anabadilisha. Andika." Nikaandika. Akaniambia nimsalimie mama Mwende, akarudi kwenye kazi yake.

Fikiria hilo. Uliyotuficha sisi tuliokupenda, alikuwa amekutunzia mtu uliyemwita mwizi.

Nilipoipa mashine lile jina, kumbukumbu zilitoka zote, na mwishoni kabisa nikaiona namba ya chasisi ya gari lako. Nililia tena, basi. Nikazihamishia kwenye chipu mpya, nikaosha ubao wa kisanduku kwa spiriti, nikaziba ule mpira wa kioo. Gari lilishika mara ya kwanza. Mwende alipiga kelele, "Aunty, imekubali!" mpaka majirani wakatoka. Alikosa siku nyingi za masomo, lakini mitihani aliifanya. Nilimweleza yote, kwa sababu si mtoto mdogo tena, akaniuliza dirishani kabla mama yake hajaondoa gari, "Kwani baba alikuwa anaficha nani?" Jibu unalo wewe. Nalo halitatufikia.

Tangu siku hiyo sipigi msasa. Ndani ya kila kifuniko naandika jina la chipu na nilichoifanyia, kwa wino usiofutika. Kazi zako za zamani zikirudi, natafuta majina uliyoyafuta, na Musyoka ananisaidia, tunayarudisha moja moja. Mafundi wa huku wananicheka. "Akinyi anagawa ugali yake," wanasema. Wacha wacheke. Wawili kati yao walikuja juzi na swali na wakaondoka na jibu, na wateja wangu hawajapungua hata mmoja. Magari yaliyotelekezwa ni mengi kuliko mikono yetu sote.

Hasira haijaisha. Nilikupenda, mzee wangu, na bado nakupenda, ndiyo maana nimeumia hivi. Mtu nisiyempenda asingeweza kuniliza kwa kipande cha msasa.

Lala salama kwenu Kitui, Baba Mwende, na udongo usikulemee. Wale wa viyoyozi siwezi kuwalazimisha waseme, na wewe huwezi kusema tena. Niliyebaki na mdomo ni mimi, na nakuahidi kwamba kila ninachokijua nitakisema ningali hai, kwa anayekiuliza na kwa asiyekiuliza. Siku yangu ikifika, atakayeniandikia barua aniandikie kunisalimu tu, asiwe na kitu cha kuniuliza.

Akinyi